Akili ya Milembe Inarudi Polepole

Kiseke, Mwanza

Baba Masanja, mume wangu,

U hali gani, na mgongo je? Umeacha kulala sakafuni au bado unabishana na kitanda? Sisi huku tuko salama, Mungu ashukuriwe. Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, darasa langu la nne linatosha. Kwenye simu husikii, unaitikia "eeh" hata usichokisikia.

Uliagiza nimrudishe mjukuu wetu Milembe nyumbani, na sehemu yake ya kupika na kuuza chakula pale Mkuyuni aachiwe mtu mwingine, eti akili imemtoka. Soma kwanza mpaka mwisho.

Ni kweli, ugonjwa wake wa mishipa ya fahamu, huo wanaouita multipo sklerosisi, uliporudi safari hii haukushika miguu tu. Ulishika na kichwa. Nilimkuta amesimama na mwiko mkononi, hajui anapakua nini. Aliyeomba ugali anapewa wali. Chumvi anatia mara mbili. Neno "sufuria" linampotea, anaonyesha kwa vidole.

Na mimi nikakosea, nakiri. Kila asubuhi akiniamkia, namuuliza kama tulivyolelewa sisi Wasukuma: wewe mtoto wa nani, na huyo mtoto wa nani, na huyo je? Akikwama kwa babu wa tatu namfokea, "Jikaze! Ukoo wako umeuacha wapi?" Nilidhani namwamsha. Kumbe analia, na siku nzima anazidi kupotea. Muuguzi wa kliniki akanisema mbele za watu: "Bibi, unamchosha. Ubongo wake una vidonda, si uvivu. Uliza jambo moja, halafu subiri."

Mimi, kusemwa na kabinti ka juzi! Lakini nilisubiri. Unanijua, kusubiri si kazi yangu.

Milembe akatundikiwa dripu za dawa hospitali siku chache, akapumzika, majuma yakapita. Maneno yakaanza kurudi, si yote kwa mpigo. Aliporudi jikoni akabuni utaratibu wake: anayetaka wali anawekewa punje ya harage mezani, wa ugali punje ya hindi. Hana haja ya kukariri. Wiki iliyopita muuza nyama mmoja akamcheka: "Mama lishe, tumekuja kula au kucheza bao?"

Milembe hata uso hakuinua. "Wewe kula. Kwa bao nitakufunga hata nikisinzia."

Watu walicheka hadi benchi likayumba. Mimi nilienda nyuma ya jiko nikajifuta macho, na usimwambie mtu. Tangu augue sikuwahi kumsikia akijibu papo hapo! Nikamshukuru Mungu, nikamshukuru yule muuguzi, hata muuza nyama na mdomo wake.

Hajapona, nisikudanganye. Ikifika saa nane mchana kachoka, maneno yanapungua, anafunga. Daktari anasema ugonjwa unaweza kurudi tena. Huo ugonjwa ukirudi, utamkuta nami nipo naye. Kuhusu agizo lako nilimuuliza mara moja tu, nikasubiri. Akasema: "Bibi, nabaki."

Nisalimie dada yako Kabula, aliyefunga na kuomba kwa ajili yetu. Mdogo wangu Nyamizi, anayekamua ng'ombe, mwambie asiwapunje ndama, namjua.

Kile chumba ulichokipaka chokaa kwa ajili ya Milembe, jaza mavuno ya pamba.

Mkeo,
Mama Masanja