Mbu Walionyonya Mbuzi Msituni

Mwende wangu,

Hujambo huko Eldoret? Sisi huku Kibwezi tu wazima, na mama yako amepanda ndengu tena. Umeniuliza kama kweli damu iliyo tumboni mwa mbu inaonyesha alimnyonya mnyama gani. Inaonyesha.

Nilipokuwa msichana, wageni walipiga kambi kando ya msitu wa hifadhi, wakawa wanatega mbu. Mbuzi wetu wakapotea wakati huohuo.

"Nani husafiri mbali hivi kwa sababu ya mbu?" baba alisema. Kijiji kizima kiliwashuku.

Baadaye mama mmoja wa kambini alikuja kwetu. "Tumepima damu ya mbu tuliowatega. Wa msituni wamenyonya nyati, ngiri, hata kobe," alisema. "Lakini wa kule korongoni wamenyonya mbuzi. Kwani mnachunga kule?"

Hakuna aliyechunga kule, kwa hiyo baba alienda huko na askari wa msitu. Walikuta mbuzi wetu wamefichwa kwenye boma la miiba, na Mutua akiwalisha. Mutua alikuwa jirani aliyetusaidia kuwatafuta.

Baba aliwaomba wale wageni msamaha. Lakini mimi, Mwende, nikipoteza kitu hata leo, bado mgeni ndiye hunijia kwanza akilini. Najikataza kila mara.

Ni mimi Susu, nyanya yako, ninayekukumbuka.