Goti la Mama, Pilipili ya Profesa

Shikamoo mama. Najua kabla ya marahaba utauliza dawa ya goti lako iko wapi.

Leo tumeshinda ukumbini Upanga, profesa wetu akieleza dawa tunayohangaika nayo. Kwenye mishipa ya fahamu kuna kama mlango unaopitisha maumivu ya goti lililovimba. Mlango huohuo hufunguliwa na moto, hata na pilipili. Dawa yetu inauziba. Tulimpigia makofi, tukaenda Kariakoo kula mishkaki.

"Niweke pilipili, mzee?" akauliza mchomaji.

"Mwaga!" akasema profesa. Machozi yakamtiririka, bingwa wetu wa kuziba, na bado akaomba aongezewe.

Ila kuna jambo halikupigiwa makofi, mama. Ukimeza dawa hii goti linanyamaza, lakini hata moto huusikii vizuri. Na wewe sufuria unaepua kwa mikono mitupu tangu nikujue! Basi mpaka tuifundishe dawa kuchagua, nakuletea mafuta ya kuchua na vitambaa vya kuepulia. Lalamika tu, mama yangu. Goti likikuuma, angalau najua vidole vyako vizima.

Mwanao wa maabara,
Neema