Maswali Niliyouliza Kabla ya Kula

Ijumaa jioni. Mvua kubwa ya mchana imekatika, barabara yetu hapa Makiso ni tope tupu, na mimi nimekaa jikoni na viatu vilivyolowa mpaka ndani. Umeme upo, basi naandika haraka kabla hawajabadili mawazo.

Nimefurahi na nimekasirika, vyote kwa pamoja. Jamani, siku gani hii!

Kwa anayefika kwenye ukurasa huu mara ya kwanza: kazi yangu ni kuuliza maswali. Kuna utafiti wa miaka mingi hapa Kisangani unaowafuatilia vijana waliopelekwa mapema kwenye matibabu ya afya ya akili. Ni wale ambao nyumbani waliona dalili za kwanza, wakaenda hospitali bila kungoja mambo yaharibike. Kwetu wengi huanzia chumba cha maombi. Kijana anafungishwa kula, anaombewa, miezi inapita, na akiletwa hospitali amekonda na amechoka, hata jina lake anasita kulitaja. Hawa wetu hawakupitia huko, au hawakukaa huko sana. Tunataka kujua kama kuwahi kunawasaidia miaka ikienda.

Kwa hiyo nawatembelea majumbani kwao, mwaka baada ya mwaka, nauliza yale yale. Unalala? Unakula? Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii? Unatembelea marafiki, au umeanza kujifungia?

Nawapenda. Hakuna aliyeniajiri ili niwapende, lakini utamwuliza mtu kila mara kama analala, miaka yote hiyo, halafu usimpende?

Leo ilikuwa zamu ya msichana mmoja wa kule Wagenia. Nimemwomba ruhusa ya kuandika habari yake, akasema: "Andika, lakini uniite jina ya kupendeza." Basi nitamwita Furaha. Alipoanza kuugua alikuwa bado shuleni. Alisikia watu wakimsema ndani ya kelele za maji ya pale kwenye maporomoko, na maji hayo hayanyamazi. Mama yake, ambaye huuza samaki wa kukausha na ana sauti inayofika ng'ambo ya pili ya mto, hakungoja. Wiki hiyo hiyo alimpandisha mtoto kwenye toleka, zile baiskeli zetu za kubeba abiria, akamleta hospitali huku akitembea kwa miguu nyuma yake. Furaha akatibiwa. Alimaliza shule, akajifunza kushona, na sasa nusu ya wanakwaya wa kanisa lao wanavaa kazi ya mikono yake.

Tukiwa na wageni ofisini, habari ya Furaha ndiyo ninayopenda kusimulia. Najivuna naye, nisiseme uongo.

Nimefika kwao kabla ya saa sita. Mama Furaha alikuwa amekwisha kuweka sufuria motoni, kama kawaida yake, na mimi kama kawaida yangu nikajifanya sijaona. Kazini kwetu kuna sheria: mhojaji hali wala hanywi kwa watu anaowahoji. Unakaa, unauliza, unaandika, unashukuru, unaondoka. Wanasema ukila utapendelea. Miaka yote hii sijaonja hata maji pale, na miaka yote hii yule mama ananuna ninapoaga. "Weye yaya Odette," huwa ananiambia, na yaya kwetu ni dada, "siku moja nitakufungia mulango!"

Tukakaa na Furaha kwenye kibaraza. Nikauliza yote, akajibu yote, akitabasamu.

Analala? Bien, vizuri tu. Anakula? Bien. Dawa? Anakunywa. Sauti? Hakuna. Nikamtazama uso nikaona macho mazito kidogo, nikasema moyoni, ni kazi ya cherehani hiyo, msimu wa harusi umefika. Nikafunga maswali yangu. Nikasimama.

Mvua ikashuka.

Si mvua ya kuvumilia. Ni ile ya kwetu, inayompiga mtu kichwani mpaka anasahau alikokuwa akienda. Dereva wa moto, yaani pikipiki, aliyekuwa ananingoja alikimbilia kwa jirani. Mama Furaha akanitazama, akatazama mvua, akacheka peke yake. Nikaingizwa ndani, nikawekewa mbele yangu lituma ya moto, zile ndizi za kuponda, na samaki wa liboke anayetoa mvuke ndani ya majani yake. Harufu peke yake ilinimaliza. Nikajiambia, maswali yamekwisha, sheria imetimizwa, na wewe Odette una njaa. Nikala. Nikala vizuri, bila aibu, mpaka nikalamba vidole.

Mama Furaha alingoja nioshe mikono. Akakunja kitambaa. Kisha sauti yake, ile ya kuvuka mto, ikashuka kabisa.

"Bon. Sasa umekula. Tunaweza kukuambia." Akamwonyesha binti yake kwa kidevu. "Mutoto halale tena usiku. Dawa ameacha. Anasemaka peke yake pale mulangoni, anajibu maji."

Nikalivuta daftari langu.

"Mama, lakini nimeuliza! Sasa hivi, hapo nje, nimeuliza!"

Akashangaa kweli, wala hakuwa ananichokoza. "Uliuliza mbele ya kula," akasema. "Mugeni hajakula, utamupa habari ya kuumiza namna gani?"

Acha tu. Nilijiona mjinga. Kwa sababu mimi ni mtoto wa Kisangani, si mgeni wa mji huu. Kwetu pia ni hivyo hivyo. Mtu akiingia nyumbani, mko bien. Hata kama kuna maiti chumbani, mko bien. Anakaa, anapumzika, anakula, ndipo mkubwa wa nyumba anasema "bon," na habari zenyewe zinaanza. Bibi yangu aliwahi kumlisha mjomba wangu sahani mbili kabla ya kumwambia kwamba nyumba yake imeungua. Najua haya tangu utotoni. Lakini nikivaa beji ya kazi, sijui akili hiyo naiacha wapi. Tumepanga maswali mazuri, tumeyatafsiri kwa uangalifu, tumeyajaribu, na halafu tunayauliza katika dakika zile zile ambazo kwetu mtu mwenye adabu hawezi kujibu ukweli.

Nikamgeukia Furaha. Tabasamu lilikuwa limekwisha. Alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la gauni lake.

Nikamwambia twende hospitali leo, sasa hivi, muuguzi wa zamu yupo.

Akakataa.

Nilidhani anaogopa majirani. Nilidhani anaogopa dawa, maana zile za mwanzo zilimtia usingizi sana na alizichukia. Nikambembeleza kwa yote mawili. Akatikisa kichwa tu. Mama yake akaanza kufoka, nikamwomba anyamaze kidogo, naye, ajabu ya Mungu, akanyamaza.

Ndipo Furaha akasema, polepole, huku hanitazami:

"Yaya, weye ulituambia munatafuta kujua kama tuliokuja mapema tunapona. Kama tunapona, bamama bengine bataleta batoto yao mbiyo. Sasa miye nikianguka tena, si nitaharibu? Batasema kuja mapema haisaidie kitu."

Msichana halali, anajibizana na maji mlangoni kwao, na mzigo anaoubeba ni watoto wa watu wengine. Ameacha kulala na bado anatutunzia utafiti wetu. Machozi yalinitoka mbele yao, na sijali nani anasoma hapa, nililia.

Nikahama kwenye kiti cha mgeni, nikaenda kukaa naye kwenye mkeka.

Nikamwambia: Furaha, hakuna unachoharibu. Hatukukufuata miaka yote hii ili utufurahishe. Ukiwa mzima tunaandika mzima, ukiwa mgonjwa tunaandika mgonjwa, na yote mawili yanamsaidia mtoto wa mtu. Nikamwambia pia kitu ambacho sikuwa nimekifikiri kabla hakijanitoka mdomoni: kwamba kuwahi si mara moja tu maishani. Ulipokuja ukiwa mwanafunzi, uliwahi. Ukija leo, umewahi tena. Ukingoja mpaka mama akufunge kamba, hapo ndipo tutakuwa tumechelewa, na mimi nitakuwa nimechelewa pamoja nawe.

Maji ya nje na maji ya mto yalikuwa yanapiga kelele pamoja, na nilimwona anageuza kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa. Niliogopa sana hapo. Nikamshika mkono.

"Hata sasa wanasema?" nikamwuliza.

Akaitikia kwa kichwa.

"Wanasema nini?"

"Nisiende."

"Na weye?"

Akafikiri. "Miye nimechoka, yaya."

Mama yake hakungoja neno la pili. Aliingia chumbani, na nilidhani anachukua mwavuli. Akatoka amevaa kikwembe chake kipya, kitenge cha sikukuu, na kitambaa cha kichwa amekifunga juu kama anakwenda kuposa. Nikamwuliza, mama, mvua yote hii, na kikwembe cha sikukuu? Akanitazama kana kwamba mimi ndiye niliyerukwa na akili. "Napeleka mutoto yangu kwa matunzo. Unataka nipite mbele ya batu kama mwizi?" Akamfunga binti yake kitambaa kizuri pia, akamnyoosha kola, na tukatoka. Tope likaruka mpaka magotini mwake, hakulitazama hata mara moja. Waliotuchungulia milangoni walimsalimu kwa heshima.

Kabla ya kupanda moto nilimpigia simu docteur, msimamizi wetu. Ni mtu mwema, lakini jambo la kwanza aliloniuliza ni kama mgonjwa alisema haya kabla au baada ya kufunga maswali. Nilitamani kuitupa simu mtoni! Nikamwambia: baada, docteur, na baada ya samaki pia, nimekula, niandikie barua ya onyo. Kisha akasema, kwa sauti nyingine kabisa, "Mupeleke, Odette. Mengine tutaongea Jumatatu." Nikamsamehe papo hapo.

Hospitalini tulimkuta muuguzi yule yule aliyempokea Furaha mara ya kwanza, mtu mnene mpole ambaye vijana wote humwita papa. Akamtambua. Hakuuliza kwa nini ameacha dawa, hakugomba. Alituletea viti, akafunga dirisha ili kelele ya mvua ipungue, akakaa.

"Furaha, unalala namna gani siku hizi?"

Nilimwona anafungua mdomo kwa lile neno la adabu, lile nililoliandika mara nyingi kwa mkono wangu. Akalishika hapo mdomoni. Akanitazama mimi, akamtazama mama yake aliyeloa mpaka kiunoni ndani ya kikwembe cha sikukuu.

"Vibaya," akasema.

Na baada ya neno hilo moja mengine yote yakafuata, kwa utulivu, mpaka papa muuguzi akaacha kuandika, akawa anasikiliza tu.

Amelazwa siku chache ili apate usingizi kwanza. Daktari atamwona kesho. Papa muuguzi alinisindikiza mpaka mlangoni, akasema tumemleta wakati mzuri, bado anacheka na bado anajua ni ugonjwa, na dawa nyingine zipo ambazo hazimtii usingizi mchana kutwa. Nilipokwenda kumuaga Furaha alikuwa amekwisha kufumba macho nusu. Akanivuta mkono, akaniuliza kama nitakapokuja tena ni lazima awe amepona. Nikamwambia hapana. Akasema basi atabaki mgonjwa kidogo tu, ili nikae mpaka chakula kiive. Mtoto huyu! Nikacheka, mama yake akacheka, na aliyekuwa akimwuguza mgonjwa wa kitanda cha pili akacheka bila kujua tunacheka nini.

Sasa niko hapa na chai imepoa.

Jumatatu docteur ataniuliza tufanye nini na majibu ya asubuhi, na nitamwambia ukweli, kwamba ni majibu ya salamu. Nitaomba sheria ibadilishwe, kwa sababu kwetu kukataa chakula cha mtu ni kumwambia usinieleze shida zako. Akikataa tutagombana, na mimi kwa kugombana najulikana. Hilo halinipi hofu.

Kinachonipa hofu ni wengine. Wiki ijayo nakwenda Simi-Simi kwa kijana mwingine, mpole, ambaye kila mwaka ananijibu upesi na vizuri, na ambaye mama yake huwasha moto kila ninapoingia. Baada yake yuko mwingine, na mwingine. Ninawaona wote usiku huu, kila mmoja kwenye kibaraza chake, wakiniambia wako bien huku mimi nikishukuru na kuchukua mfuko wangu.

Ni nani kati yao alikuwa anangoja tu nile?