Mishale ya Bosi

Mwenzangu, natetemeka kwa hasira. Nilimpelekea mjukuu wangu miwani yake kule maabara, nikakuta balaa.

Unavijua vile vijidudu anavyovibuni, vya kuwaka kama taa maji yakiwa na sumu. Ramani ya kuviunda aliichora kwa alama zilizokubaliwa na maabara zote. Bosi akaona haipendezi, akaichora upya kwa mishale aliyoibuni mwenyewe, akaituma kwa maabara nyingine.

Wenzao wa huko wameisoma kinyume. Sasa vijidudu vinawaka kwenye maji safi.

Wamekuja kulalamika, na bosi kamgeukia mtoto mbele yao: "Waombe radhi."

Akaomba. Mwenzangu, akaomba. Katibu wa maabara akamshika mkono, Mungu ambariki.

Nikasimama. "Mjukuu wangu amemaliza. Sasa zamu ya mwenye mishale."

Bosi eti, "Bibi, karibu chai."

"Chai baadaye, baba. Radhi kwanza."