Redio ya Volti Mia na Kumi

Jumatano, 8 Juni 1994
Valvu ya tatu imekufa. Hivi vichupa vya kioo vinavyowaka ndani ya redio za zamani havipatikani tena. Nimebakiwa na viwili. Redio ni ya Kimarekani, inataka volti 110. Umeme wa Sumbawanga ni 230 kwenye karatasi. Ukutani ni bahati yako. Nimeunga globu ya wati mia njiani ili nusu ya nguvu iishie humo. Hesabu ni sahihi. Mashine ya kusaga ya jirani haijui hesabu. Ikisaga, redio inanong'ona. Ikizimwa, umeme unaruka, valvu inakatika. Tangu serikali iruhusu biashara huria, kila mtu ana mashine.

Kifua kinabana.

Ijumaa, 10 Juni
Nimekwenda kwa Shabani kununua globu nyingine. Duka limejaa hadi dari, valvu hana. Akanionyesha kiredio cha betri kutoka Dubai. "Mwalimu, achana na hilo jeneza." Akacheka. Sikucheka. Daktari ameshasema nimebakiza miezi. Hakusema mingapi.

Nimepumzika mara nne njiani.

Jumatatu, 13 Juni
Niandike ukweli. Redio niliiua mimi, mwaka 1971. Padri aliyekuwa akirudi kwao alinipa, akanionya nisiichomeke moja kwa moja kwenye umeme wa shule. Nilikuwa mwalimu wa fizikia. Nani wa kunionya mimi? Nikachomeka. Moshi.

Mke wangu Leokadia aliporudi kutoka shambani nikamwambia ni Gaudensi, kaka yake, aliyekuwa mgeni wetu wiki ile. Gaudensi akaapa. Nikamwita mwongo mbele ya dada yake, na dada akaniamini mimi msomi. Gaudensi akaondoka kwenda Kasanga kupakia mizigo ya meli. Hajala kwetu tena. Hata kwenye msiba wa mama yao alikaa mbali na sisi.

Nilijiambia: siku redio ikiimba, nitasema. Uongo mwingine. Siitengenezi. Najificha nyuma yake.

Jumanne, 14 Juni
Valvu za mwisho. Asubuhi nzima ziliwaka vizuri. Saa sita mwenye mashine akazima akale. Zote mbili, kwa pamoja. Nilitaka kuitupa uani. Sina nguvu ya kuinyanyua.

Leokadia alikuwa anapepeta maharage mlangoni. Akauliza, "Baba Oresto, hiki kitu unakitafutia nini?"

Nikamwambia. Yote, bila kupamba.

Aliendelea kupepeta mpaka ungo ukaisha. Kisha akasema, "Mama alikufa akiniuliza kwa nini Gaudensi haji kwangu."

Alhamisi, 16 Juni
Hasemi nami. Ananiletea maji ya moto ya kuoga, anageuka. Heri angenitukana.

Mchana amefunga debe la maharage na blanketi jipya. Nikasema nimwandikie Gaudensi barua. Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu juzi.

"Maneno yako nitayabeba mwenyewe. Nawe usife kabla hatujarudi."

Jumamosi, 18 Juni
Aliondoka jana alfajiri na lori la Kasanga. Baridi kali, upepo wa Ufipa. Nimejipikia uji. Umeungua kidogo, nimeumaliza. Nimesogeza kiti dirishani, upande wa barabara.

Napumua polepole. Sina haraka.