Vichaka vya Mshumaa

Jumatatu, 6 Juni

Sajini Obies wa polisi kaleta magunia kwenye kitalu cha hifadhi leo. Wamekamata gari kwenye njia ya Springbok — nyuma vichaka vya mshumaa, vimejaa pomoni. Vingine vizee kuliko mimi. Kichaka kinasota miaka na miaka kwenye mawe mpaka kiwe na gamba la utomvu linalowaka kama mshumaa, halafu mtu anakisokomeza guniani kama viazi.

Kazi yangu ileile: kutambua ni aina gani, kimetoka mlima upi, kisha kukipanda upya kwenye mchanga mkavu na kumwomba Mungu kishike. Gamba la njano, miiba mifupi. Aina hii najua inakoota. Nikageuza mzizi. Umefungwa sufu ya kondoo isiyooshwa, ukazungushiwa ukanda wa ngozi ya mbuzi.

Ni Mama tu anayefunga mizizi hivi. Dawa zake zote anazifunga hivyo.

Sajini akauliza, Dorkas, mlima gani? Mahakama inataka kujua. Nikasema sijui bado. Sufu nimeichoma jikoni. Nyumba nzima inanuka.

Jumatano, 8 Juni

Naogopa. Nimeiandika hofu, labda itapungua. Mama jela? Kwa magoti yale, ngazi za kanisa tu zinamshinda.

Sajini kapita tena. Kasema wanunuzi wa vichaka, wanaovipeleka ng'ambo kwa wapenda mimea, si watu wa mchezo. Mzee mmoja wa upande wa mtoni alikataa kuwaonyesha njia, wakamchomea nyumba. Anasema hayo huku anakoroga kahawa yangu! Nikaizika mikono kwenye mchanga, nikajifanya napanda.

Vingine mizizi imeanza kuoza. Nimeikata, nimeiacha ikauke kwanza. Maji bado. Ukiviharakisha kwa maji, umeviua.

Ijumaa, 10 Juni

Nimekwenda mlimani, kwenye kambi ya mifugo ya Mama. Nilimkuta anakamua mbuzi waliobaki. Wengine ukame umewamaliza. Nikamuuliza bila kuzunguka. Hakukana.

"Mbuzi wamekufa, vichaka havikufa," kasema. "Ulitaka nikamue mawe?"

"Mama, huo ni wizi."

"Mlima huu nimeuchimba wewe mimba yako haijatungwa. Leo umevaa sare, basi nimekuwa mwizi?"

Nikamweleza habari ya nyumba iliyochomwa. Akaendelea kukamua. Kisha akasema yule bwana mnunuzi ana adabu, kila akija anavua kofia. Mama kamwambia basi, hachimbi tena. Bwana akacheka tu. Akauliza vile vilivyokamatwa vimewekwa wapi.

"Ukamwambia?"

"Nilijisifu kidogo, mwanangu. Nilisema viko kitaluni, na binti yangu ndiye anayeshika ufunguo."

Nikakaa palepale kwenye samadi. Nilimbembeleza tushuke wote. Kagoma. Mbuzi atamwachia nani? Nikamfokea, Mungu anisamehe, nikashuka peke yangu.

Jumamosi, 11 Juni

Pikapu nyeupe imepita mbele ya kitalu. Ikarudi, ikapita tena polepole. Labda watalii. Lakini watalii hupiga picha, hupunga mkono.

Kesho baada ya ibada namwambia Sajini yote. Heri Mama akae ndani, lakini mzima.

Jumapili, 12 Juni

Mama hakuonekana kanisani. Si kawaida yake. Sajini yuko msibani, simu yake haipatikani. Kituoni wamesema watatuma mtu jioni. Jioni! Nimekimbia nyumbani kuchukua maji, niende kambini.

Pikapu iko nje. Naandika kwa sababu nikiacha nitapiga mayowe.

Mama yumo ndani, kiti cha mbele, kofia yake ya kanisa kichwani. Mwanaume kashika usukani. Injini hajaizima.

Mama kateremsha kioo, kaniita kwa bashasha: Dorkas, lete ufunguo, bwana anataka kuviona tu, tunarudi sasa hivi. Kwa Kiafrikana. Mama hajawahi kusema na mimi Kiafrikana tangu anizae.

Halafu kwa Kinama, lugha yetu ya nyumbani ambayo yule haielewi, sauti ileile ya kuchangamka, kama anayeniagiza chumvi: Usitoke, mwanangu. Ana bunduki. Funga milango. Usinifikirie mimi.

Akamalizia kwa kicheko, ili yule asishtuke. Yule naye akacheka.

Nimefunga mlango wa nyuma. Nimefunga madirisha. Kituoni hawapokei.

Anapiga honi. Mama kaacha kucheka. Anatazama mbele tu, mikono mapajani.

Mlango wa mbele umebaki. Komeo nimelishika. Nikilisukuma, nimemfungia Mama nje.