Mfupa wa Baba Umeanza Kushika

Beni, tarehe 14 Septemba 2025

Mpendwa Shangazi Hadjara,

Assalamu alaikum. Je, kifua kimekuachilia? Na wajukuu huko Kampala, wanaendeleaje? Sisi tu wazima, alhamdulillah, ila mvua inaharibu njia ya Butembo.

Neno ulilotuma limetufika, kwamba docta wa meno anamchezea ndugu yako, na heri aje Kampala zile skrubu zitolewe. Shangazi, uchungu wako naujua. Acha nikueleze kwa utaratibu.

Tangu Baba aanguke na pikipiki na kupoteza meno mawili ya mbele, hajaadhini tena. Hewa inapita kwenye pengo, maneno yanapiga filimbi. Msikitini anajificha safu ya nyuma. Hilo linamuumiza kuliko taya lenyewe.

Skrubu zitakazobeba meno mapya zilipandwa vizuri. Lakini mfupa wake ni mwembamba, na moja ikabaki wazi upande. Docta Florentine alitaka kuizungushia unga wa mfupa wa ng'ombe, ili mfupa wa Baba upate pa kuotea. Baba akamuuliza:

"Docta, huyu ng'ombe, nani alimuchinja?"

"Papa Djuma, mimi sikukuwa pale."

"Donc, basi, toa kwangu. Mimi najijua."

Sheikh alikuwa amekwisha kumruhusu unga ule, lakini Baba unamfahamu. Basi docta akachukua mfupa kidogo upande wa nyuma wa taya lake, akausaga, akaupanga kando ya skrubu, akaufunika kwa kitambaa chembamba. Ufizi huota haraka kuliko mfupa, ungeweza kukamata nafasi yote. Kitambaa ni kama uzio unaozuia mbuzi, maharagwe yakiwa bado machanga. Ndiyo sababu tunangoja miezi, hapana kuchezewa.

Wiki iliyopita tulipanda Butembo kupiga picha ya taya. Palipokuwa peusi kando ya skrubu, sasa pameingia weupe: mfupa umeshika. Meno yenyewe bado. Kwa hiyo nakuomba usimwite Kampala, umwombee subira.

Mama na mdogo wangu Kyakimwa wanakusalimia. Nisalimie Mwamini na watoto wake. Mungu akutunze, akupe pumzi nyepesi.

Ninafunga na hili. Jana alfajiri nilimsikia Baba nyuma ya nyumba, akiadhini kwa sauti ya chini, kuku wakimzunguka. Filimbi ilikuwamo bado, lakini alifika mpaka mwisho. Usimwambie kwamba nilisikia.

Ni mimi, mtoto wako asiyekusahau,
Sikitu Djuma